Sensa tatu na swichi mbili kwenye waya mmoja wa alamu: Probox yangu haiachi kupiga king'ora na taa ya buti haizimi

Dagaa wa Kibirizi

Wakuu, shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine habari za usiku.

Naandika kutoka Kigoma, Gungu. Nina Probox ya mwaka 2005, na gari hili ndilo ghala langu. Alfajiri nashuka Kibirizi kupokea dagaa, nikishapakia natoka kuelekea Kasulu, na wakati wa kurudi napitia Mwandiga kuchukua mawese. Ada ya watoto wangu yote imepita kwenye buti la gari hili, kwa hiyo mnivumilie nikiandika kwa urefu.

Kwanza kilichonikuta. Mwezi wa tatu, usiku, wezi walivunja kioo cha ubavuni kule nyuma. Walitandika gunia lililoloa maji juu ya kioo ndipo wakagonga. Gunia tulilikuta chini asubuhi, vipande vya kioo vimelala juu yake. Wakaondoka na madumu matatu ya mawese, ya lita 20 kila moja, pamoja na jeki. Alamu nilikuwa nimeitegesha, taa yake ndogo ya dashibodi inamweka, na haikutoa hata mlio mmoja. Sensa yake ya mtikisiko ilikuwa chini ya usukani na gari limejaa mzigo mpaka darini. Gunia bichi na mzigo vilimeza kishindo chote kabla hakijafika mbele.

Nikaenda kwa fundi, nikamweleza kwamba nataka gari lilindwe pande zote. Akaniongezea sensa ya pili ya mtikisiko nyuma, akafunga sensa ya rada katikati ya viti vya mbele, akaweka swichi ya boneti, na akachukua waya wa swichi ya mlango wa buti. Alamu yenyewe ni ile ya kawaida ya dukani: boksi jeusi, rimoti mbili, king'ora, na tundu moja tu la sensa lenye pini nne.

Siku mbili za mwanzo ilifanya kazi, ila niliona jambo. Nikigonga kioo kwa kiganja ili kujaribu, taa ya buti ilikuwa inamulika mara moja na kuzima, na buti limefungwa. Nikampigia fundi, akasema ni kawaida. Siku ya tatu nikabonyeza rimoti, milango ikajifunga, baada ya sekunde chache king'ora kikaanza. Nikizima kinanyamaza, nikitegesha kinalia tena. Na taa ya buti sasa inawaka mchana na usiku, mlango ukiwa umefungwa kabisa. Majirani wameamka usiku nne mfululizo. Kuna mzee hapa jirani anayeumwa, na kila kikilia naumia kwa ajili yake. Sasa gari linalala bila alamu, na mimi nalala sebuleni karibu na dirisha.

Fundi anasema alamu imekufa, ninunue nyingine. Sijakubali. Jumapili nimefungua mwenyewe plastiki ya chini ya usukani nikaona alichofanya. Nyaya sita zimesokotwa pamoja kama ncha ya kamba, zikazungushiwa tepu nyeusi, na tepu imeshaanza kutoa gundi kwa joto. Kuna waya wa buluu wa sensa ya mbele, wa buluu wa sensa ya nyuma, wa njano wa rada, wa boneti na wa buti. Zote tano zimeingia kwenye waya mmoja mweupe unaokwenda kwenye boksi. Hakuna solda, hakuna kifaa chochote kati yao.

Mita ninayo, nilijifunza kuitumia tulipofunga sola dukani. Naomba mnielekeze: inawezekana kweli sensa zote hizi zikatumia tundu moja? Kama inawezekana, zinaungwaje? Na kuna la tatu linalonitia hofu. Siku za mbalamwezi wavuvi hawaendi kuvua dagaa, na gari langu linalala hapo uani siku saba mpaka kumi. Je, hizi sensa zote hazitanimalizia betri? Ni NS60, ya ampea-saa 45 (45Ah), ina mwaka mmoja na nusu.

Fundi wa Isevya

Dada, pole sana kwa hasara. Mimi ni fundi umeme wa magari, niko Tabora. Boksi lako sidhani kama limekufa. Kwa jinsi ulivyoieleza taa ya buti, kilichokufa ni sensa moja, na aliyeiua ni hiyo taa.

Sensa hizi za dukani nyingi hazitoi umeme. Kazi yake ni kuugusisha waya wa ishara na ethi, yaani bodi ya chuma ya gari iliyoungwa na hasi ya betri. Boksi linaushikilia waya ule kwenye volti za juu, na likiona umeshuka kukaribia volti sifuri linajua kuna jambo. Kinachougusisha ndani ya sensa ni transista, swichi ya kielektroniki, kitu kidogo kuliko punje ya mahindi.

Swichi ya buti nayo inagusisha ethi, lakini kwenye waya wake kuna taa inaning'inia. Taa ile upande mmoja inapata chanya kutoka kwenye betri muda wote, na upande wa pili inasubiri ethi ya swichi. Waya huo ulipofungwa fundo moja na nyaya za sensa, taa ilipata njia nyingine ya ethi, yaani kupitia ndani ya sensa. Ndiyo maana ulipogonga kioo ilimulika. Ile haikuwa kawaida hata kidogo, na ungesikilizwa siku ile sensa yako ingepona.

Piga hesabu. Balbu ya wati 5 kwenye volti 12 inakula zaidi ya miliampea 400. Transista ndogo za namna ile nyingi zimetengenezwa kubeba miliampea 100 au 200. Ilibeba mzigo usio wake siku mbili, ikaungua. Na zikiungua hivyo mara nyingi zinabaki zimeshoti: waya wa ishara unakuwa umekwama kwenye ethi, boksi linaona hatari saa zote, na taa ya buti inawaka saa zote. Dalili zako zote mbili zimetoka mahali pamoja.

Hakikisha hivi. Toa fyuzi ya alamu. Fungua fundo lile, kila waya ukae peke yake, usiguse mwenzake wala bodi ya gari. Weka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Kidole chekundu cha mita kwenye waya wa ishara wa sensa, cheusi kwenye waya wake mweusi. Sensa nzima itakuonyesha namba kubwa sana au haitaonyesha kitu. Iliyoungua itaonyesha omu chache, au mita italia kama umegusisha vidole vyake viwili. Pima zote tatu, usiruke hata moja.

Tahadhari moja, na hii naiomba uishike: usizipime sensa kwa testa ile ya balbu. Balbu ya testa itafanya kosa lile lile la taa ya buti.

Leta majibu hapa nikuelekeze namna ya kuunga.

Mchomoko Kasulu

Dada yangu, barabara yako ndiyo yangu, pengine tunapishana kila siku. Mimi sina utaalamu wa fundi hapo juu, nachangia niliyoyaona kwenye gari langu.

Maji ya samaki. Ukibeba migebuka mibichi au dagaa wa chumvi, yale maji yanashuka pembeni ya sakafu ya buti na kuingia kwenye plastiki ya mlango wa nyuma, na swichi ya buti iko huko huko. Yangu ilioza ikawa ya kijani, ikawa inagusa yenyewe kila unyevu ukizidi. Nilibadilisha alamu mbili kabla sijajua. Kabla hujaunga chochote fungua swichi hiyo uione kwa macho.

Na panya. Harufu ya dagaa inawaleta, na mimi walinitafunia waya wa sensa chini ya kapeti. Nyaya za nyuma zipitishe kwenye bomba la plastiki, lile lenye mikunjo.

Dagaa wa Kibirizi

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimepima leo mchana baada ya kutoka sokoni.

Sensa ya mbele: mita haikuonyesha kitu. Rada: haikuonyesha kitu. Sensa ya nyuma: mita ilipiga kelele, omu 3. Nilirudia mara nne, nikabadilisha hata mahali pa kugusa, ni ile ile. Na mara tu nilipoitenga ya nyuma na kurudisha fyuzi, taa ya buti ilizimika. Nilikaa kwenye ukingo wa buti nikaitazama ile taa imezima, machozi yakanilenga. Zaidi ya wiki nzima nilikuwa naambiwa nikatafute laki na nusu ya alamu mpya.

Kaka wa Kasulu, nimefungua swichi ya buti kama ulivyosema. Skrubu yake imeota kutu na kuna chumvi nyeupe pembeni. Nimeisugua kwa msasa, ila nitanunua nyingine.

Fundi, sasa nielekeze.

Spea na Waya

Naomba nitofautiane kidogo. Mimi naunga sensa mbili mbili kwa kusokota tu moja kwa moja, miaka sasa, na hazijawahi kuungua. Haya mambo ya kuongeza vifaa yanampa mteja gharama bure. Tatizo lilikuwa buti peke yake. Angelitoa buti kwenye fundo, mengine yangekaa salama.

Fundi wa Isevya

Mkuu, unachosema kina ukweli ndani yake na sitakupinga kwa kila kitu. Sensa mbili zinazogusisha ethi, zisizo na taa wala kitu kingine kwenye waya wake, zikisokotwa moja kwa moja mara nyingi zinaishi. Lakini zipo sensa ambazo pembeni ya transista kuna rizista (kipunguza umeme) inayouvuta waya kwenye volti za juu, na zipo ambazo ile taa yake ndogo ya LED imeungwa kwenye waya huo huo wa ishara. Hizo zikikutana, moja ikishtuka inaiwashia mwenzake taa, unakaa kutwa unarekebisha sensa isiyo na kosa. Daiodi moja, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwa kila tawi inamaliza habari hiyo, na bei yake haifiki bei ya soda.

Dada, fuata sasa.

Tafuta daiodi za 1N4007. Fundi redio yeyote anazo, zimejaa kwenye bodi za chaja mbovu. Ni kijipipa cheusi chenye mstari wa fedha upande mmoja. Mstari huo ndio unaokuonyesha kazi: umeme unaingia upande usio na mstari na kutokea upande wenye mstari, haurudi. Wewe unataka umeme wa boksi uweze kwenda kutafuta ethi kwenye sensa, lakini usiruke kutoka tawi moja kwenda jingine. Kwa hiyo mstari wa fedha unaangalia sensa, upande mtupu unaangalia boksi. Kila sensa na daiodi yake, na zile pande tupu zote ndizo zinazokutana kwenye waya mweupe. Ukigeuza hata moja, tawi hilo litakuwa kimya kabisa, halitaunguza kitu ila halitakulinda.

Swichi za boneti na buti zitoe kabisa huko. Kwenye plagi kubwa ya boksi lako, angalia mchoro uliokuja kwenye karatasi, utakuta waya wa buti au boneti unaosubiri ethi. Peleka hizo mbili huko, nazo kila moja na daiodi yake, mstari ukiangalia swichi. Umeme wa taa ya buti ukifika kwenye daiodi utakuta mlango umefungwa, hautaingia ndani ya alamu. Faida ya pili ni kwamba boksi nyingi, ukizima alamu baada ya kulia, zinamweka au kutoa milio kwa hesabu kukueleza ni upande gani ulioshtuka. Ukirundika kila kitu kwenye waya mmoja hutajua asubuhi kama ni boneti au ni kioo.

Tundu la sensa lina pini nne, mbili za chanya na ethi na mbili za ishara, kwa sababu sensa nyingi zina ngazi mbili. Ukigonga polepole, waya mmoja unashuka na alamu inatoa milio michache ya kuonya. Ukigonga kwa nguvu, waya wa pili unashuka na king'ora kinaanza. Fundi wako anaelekea alichukua waya mmoja tu kwa kila sensa, huo mwingine akaukata. Usiamini rangi, kila kiwanda kina zake. Tengeneza kipimo: LED moja na rizista ya kilo-omu 1 mfululizo, upande wa chanya wa LED kwenye volti 12, ncha ya pili gusa waya wa ishara. Itavuta miliampea kama 10 tu, sensa haitadhurika. Gonga kwa kidole uone waya upi unawasha LED, kisha gonga kwa ngumi. Nyaya za onyo za sensa zako ziende kwenye pini ya onyo, za nguvu kwenye pini ya nguvu, zote kwa daiodi.

Ethi za sensa zote peleka sehemu moja, pale pale ilipo ethi ya boksi. Kwangua rangi mpaka uone chuma. Chanya ya sensa pitishia fyuzi ya ampea 3. Na kila muungano uulehemu, tepu peke yake kwenye joto la ndani ya gari inaachia.

Rada. Mawimbi yake yanapita kwenye kioo na plastiki, yanagonga chuma na kurudi, na inachotafuta ni kitu kinachosogea, hasa mwili wa mtu. Ukiiachia nguvu yote itamshika mpita njia nje ya gari. Na ukijaza madumu ya mawese mbele yake, haitaona kilicho nyuma ya madumu. Kwa mzigo wako wewe usiitegemee kwa buti. Buti mwachie yule wa mtikisiko wa nyuma, mfunge kwa skrubu kwenye chuma karibu na kile kioo walichovunja. Rada ilinde viti vya mbele.

Kuhusu betri, usikisie, pima. Mita kwenye ampea 10, waya mwekundu wa mita uhamishie tundu la 10A. Funga milango, shusha kioo kimoja ili usijifungie funguo ndani. Legeza terminali ya hasi, weka mita kati ya terminali na betri, tegesha alamu, subiri dakika kumi gari litulie. Usiwashe gari mita ikiwa hapo. Utakachosoma zidisha kwa saa 24.

Mama wa Bangwe

Nawafuatilia tangu mwanzo. Fundi, mimi swali langu ni radi. Huku kwetu mvua za mwezi wa kumi na moja zikianza, radi inapiga juu ya ziwa mpaka madirisha yanatetema, na kila gari lenye alamu mtaani linaitikia. Hilo lina dawa?

Fundi wa Isevya

Mama, shikamoo. Radi ni mtikisiko wa kweli, sensa haidanganyi. Dawa ni hizo ngazi mbili nilizoeleza. Skrubu ndogo ya sensa irudishwe mpaka kishindo cha mbali kitoe milio ya onyo tu, na king'ora kingoje kugongwa hasa. Wengi wanaifunga mpaka mwisho siku ya kwanza wakidhani ukali zaidi ni ulinzi zaidi.

Dagaa wa Kibirizi

Wapendwa, nimerudi. Imenichukua siku tano kwa sababu nilikuwa nafanya jioni jioni, na siku moja ilikuwa ya safari.

Daiodi nilizipata Ujiji kwa fundi redio mmoja, shilingi 200 kila moja, nikachukua kumi. Nilizipima moja moja kabla ya kuzifunga. Moja ilikuwa inapitisha pande zote mbili, nikamrudishia akanibadilishia bila neno. Sensa mpya ya nyuma nimenunua Mwanga, pamoja na swichi ya buti. Kulehemu kumefanywa na kijana wangu, mimi namshikia tochi. Kila daiodi tuliiweka mezani kwanza, nikaichorea mshale kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi na kukibandika, ndipo tukaivika bomba la plastiki la kujikunja kwa moto. Tuligeuza moja hata hivyo, ya onyo ya mbele. Ilikuwa kimya kama fundi alivyosema. Tukaikata, tukaigeuza, ikasema.

Kuhusu rangi ulisema kweli tupu. Sensa ya mbele, buluu ni onyo na kijani ni nguvu. Ya nyuma, ambayo sura yao ni moja kabisa, kijani ndiyo onyo. Bila kile kipimo cha LED ningezipishanisha.

Waya wa boneti na buti niliukuta kwenye plagi, wa kahawia, umekunjwa na kufungwa kwa uzi wa kiwandani. Fundi yule hakuwahi hata kuufungua.

Betri: alamu ikiwa imetegeshwa na kila kitu kimeungwa, mita inasoma miliampea 43. Nikichomoa rada inasoma 27. Kwa 43 ni kama 1Ah kwa siku, kwa hiyo siku kumi za mbalamwezi zinakula kama 10Ah kwenye betri yangu ya 45Ah. Linawaka. Lakini betri inazeeka, basi nimeweka kiswichi kidogo kilichojificha cha kuizima rada gari likiwa linalala muda mrefu, na katikati ya hizo siku nitakuwa naliwasha nusu saa.

Jaribio la mwisho ndilo nililokuwa nalisubiri. Juzi saa moja usiku, nimewaarifu majirani wote, na yule mzee nikamwendea mwenyewe chumbani kwake kumwomba radhi mapema. Gari nimelijaza mzigo wa Kasulu mpaka darini. Nikalowesha gunia, nikalitandika kwenye kioo kipya cha ubavuni, nikapiga kwa kitako cha kiganja, si kwa nguvu ya kuvunja. Milio mitatu ya onyo. Nikapiga tena kwa ngumi juu ya gunia. King'ora kikalia palepale, na taa ya buti haikumulika.

Usiku wa jana imenyesha na radi mbili kubwa. Ilitoa onyo mara moja tu. Ila alfajiri mvua ikiwa kubwa, rada ilishtuka, nadhani ni maji yaliyokuwa yanateremka kwenye kioo cha mbele. Nimeirudisha skrubu yake robo mzunguko. Swali langu la mwisho, fundi: barabara ya Kasulu ina sehemu inatikisa sana, hizi skrubu hazitajisogeza zenyewe?

Fundi wa Isevya

Zinaweza, nimeziona zikihama. Ukishapata kipimo unachokitaka, mvua moja zaidi ikapita bila kushtuka, dondoshea tone la rangi ya kucha juu ya kichwa cha skrubu. Inashika, na siku ukitaka kurekebisha unaibandua kwa ncha ya wembe. Hongera sana dada, na mpe hongera kijana, mkono wake wa kulehemu autunze.

Dagaa wa Kibirizi

Rangi ya kucha ipo, ya binti yangu, nyekundu. Wingu limeshafunga upande wa Kongo, mvua ni ya usiku huu. Ikipita salama naipaka kesho kabla sijashuka Kibirizi.